Nataka kurudi kurusha ndege baada ya miaka 15, nimeona Pietenpol inauzwa, nianzie wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja nesi anayeishi Brooklyn Park, Minnesota, nalifupisha. Alipata leseni ya rubani binafsi hapa Marekani 2007, akaruka saa kama 130 hivi, karibu zote kwenye Cessna 172, alafu watoto wakaja, shifti za usiku zikaja, 2010 akaacha. Sasa ana miaka 52, mtoto wa mwisho kaenda chuo, na anameza dawa za presha. Ameona Pietenpol Air Camper, ndege ndogo ya mbao ya watu wawili yenye kokpiti wazi, inauzwa dola 14,000, ilijengwa na mzee mmoja kwenye gereji yake ikamalizika 1994, ina injini ya Continental A-65, na haijaruka miaka minne kwa sababu mzee hawezi tena. Anauliza kama leseni yake bado ni hai, presha itamzuia au la, mume wake ataruhusiwa kupanda lini, kama anaweza kuja kuisafirisha ndege Tanzania akistaafu, na hili ambalo nitakaa nalo sana: "ndege inayoenda polepole hivi si ndo salama zaidi kwa mtu kama mimi niliyekaa muda mrefu?"

Dada yangu, leseni haijafa. Leseni ya rubani ya Marekani haina tarehe ya kuisha, ulichopoteza ni haki ya kuitumia, na hiyo unairudisha kwa flaiti rivyuu, yani saa moja angalau ya kukaa chini na instrakta mkapitia sheria na saa moja angalau ya kuruka naye, inatakiwa kila miezi 24. Sio mtihani na hakuna kufeli, instrakta akiona bado haujakaa sawa mnaruka tena na tena mpaka aridhike ndo anasaini logibuku, yani daftari lako la saa za kuruka. Mtu wa miaka 15 nje asitegemee saa mbili zimtoshe, jipe muda. Na kama umehama nyumba tangu 2007 bila kuwaambia FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, waambie leo hii hii, sheria inakupa siku 30 za kubadilisha anwani na zikipita huruhusiwi kutumia leseni mpaka uwajulishe, watu kibao wanaruka bila kujua hilo.

Kwenye presha soma taratibu. Usikimbilie kujaza fomu ya medikali ya FAA, yani cheti cha afya cha rubani, kwenye intaneti. Unazo njia mbili ambazo hazianzi na hiyo fomu. Ya kwanza ni kuruka kwa haki za sport pilot, ngazi ya rubani wa ndege ndogo za burudani, zilizoanza 2004, hapo leseni yako ya kuendesha gari ndo inakuwa medikali yako. Ya pili ni BasicMed, utaratibu mbadala wa medikali, ilianza Mei 2017, unaenda kwa daktari yeyote mwenye leseni ya jimbo kila miezi 48 na fomu yao ya ukaguzi, na kozi fupi ya mtandaoni kila miezi 24. BasicMed inataka uwe uliwahi kuwa na medikali iliyokuwa hai wakati wowote baada ya 14 Julai 2006, na wewe ya 2007 inakuingiza moja kwa moja. Sasa ubaya wa kukimbilia fomu ni huu, ukiomba medikali ya FAA ukakataliwa, ile njia ya leseni ya gari nayo inafungwa, kwa hiyo mtu ambaye angeruka vizuri tu anajikuta yuko chini kwa sababu ya haraka. Presha iliyotulia kwa dawa kwa kawaida haimzuii mtu, ila wewe ni nesi, unajua dawa gani inakupa kizunguzungu ukisimama ghafla, na sheria iko wazi kwamba ukijijua hauko sawa hauruki hata kama makaratasi yote yamekamilika. Kama unataka uhakika kaongee na daktari wa anga kama mashauriano tu, kabla ya kujaza chochote.

Kuna jipya pia ambalo lilikuwa halipo enzi zako, sheria za MOSAIC. Tangu 22 Oktoba 2025 haki za sport pilot hazipimwi tena kwa ule uzito wa paundi 1,320, wanaangalia spidi ambayo bawa linaacha kubeba bila kushusha flapu za bawa, isizidi noti 59 (noti ni kipimo cha spidi, maili ya baharini kwa saa). Maana yake hata Cessna 172 yako ya zamani unaweza kuirusha kwa leseni ya gari, abiria mmoja tu. Pietenpol ilikuwa inaingia hata kwenye sheria ya zamani, kwa hiyo huko huna shida.

Sasa tuje kwenye polepole.

Uko sawa nusu, na hiyo nusu ni ya kweli kabisa. Ndege inayotua maili 45 kwa saa ikibidi itatua kwenye shamba la alfalfa na mtu anashuka anatembea, nguvu ya mgongano inakua kwa spidi mara spidi kwa hiyo kupunguza spidi kidogo kunapunguza madhara sana. Nusu nyingine ndo inaumiza watu wanaorudi. Pietenpol ikiwa imejaa ina uzito wa paundi 1,100 hivi, chini ya nusu ya ile 172, na ina nguzo, nyaya, magurudumu na vioo vidogo viwili vyote vinakamata upepo. 172 ukiondoa gesi, injini ikabaki bila nguvu, inaendelea kuteleza angani una muda wa kufikiri, hii ni baiskeli kwenye mchanga, ukiacha kukanyaga imesimama.

Fikiria umeruka, uko futi 300, pua iko juu unapanda kwa maili 55, injini inakohoa na kukata. Bawa linaacha kubeba kwenye maili 35 mpaka 40 hivi, kwa hiyo akiba yako yote ni maili 15 au 20, na ule upepo wa nyaya na nguzo unaila ndani ya sekunde chache tu. Mkono uliozoea 172 unataka kushika pua pale pale, au unashusha kidogo kwa adabu. Haitoshi. Lazima stiki iende mbele saa hiyo hiyo, mbele kweli kweli, mpaka mbele yako uone majani tu na moyo unakwambia umezidisha, na hapo ndo spidi inabaki 55. Alafu ukikaribia chini unavuta mara moja tu, mapema ukivuta ukiwa futi kumi juu ndege inaisha spidi na inadondoka kama ilivyo, haielei ikakusubiri. Na kugeuka kurudi uwanjani kwa futi 300, usahau, tua mbele au pembeni kidogo. Haya hayasomwi yakakaa kichwani, mwili ndo unafundishwa, na unafundishwa na instrakta akiwa ndani ya ndege yenye tabia hiyo hiyo. FAA wenyewe wana waraka wa AC 90-109A kuhusu kuhamia ndege usiyoizoea, umezigawa kwa familia, na familia ya ndege nyepesi zenye ukinzani mkubwa wa hewa ina sehemu yake. Usome wote kabla ya kutoa hela.

Na kuna takwimu moja nataka ukae nayo. NTSB, wachunguzi wa ajali wa serikali ya Marekani, walichunguza ajali za ndege za kujijengea za mwaka 2011, ajali 224, ripoti ikatoka 2012. Ajali 14 kati ya hizo zilitokea kwenye safari ya kwanza kabisa ya mmiliki mpya. Sio ya mjenzi, ya aliyenunua. Mtu kanunua, kaangaliaangalia, kapanda, basi. Watu wanadhani ndege iliyoruka miaka ishirini imeshajaribiwa, ni kweli imejaribiwa, ila na mtu mwingine mwenye uzito mwingine na mikono mingine.

Kwa hiyo mpango wangu kwako ni huu, usianze na 172. Najua ndo inakuita kwa sababu unaifahamu, lakini itakurudishia tabia ambazo itabidi tuziondoe tena. Tafuta instrakta mwenye Piper J-3 Cub, au Aeronca Champ kama Cub haipo, fanya mafunzo ya gurudumu la mkia humo humo (Pietenpol nayo gurudumu la tatu liko mkiani, sio puani kama 172) na flaiti rivyuu humo humo, sahihi zote mbili zinapatikana kwenye ndege moja. Sahihi ya gurudumu la mkia ni lazima kisheria kwako maana haujawahi kuruka hizo. Cub ukiruka peke yako unakaa kiti cha nyuma, na Pietenpol rubani anakaa nyuma pia, haoni mbele akiwa chini, kwa hiyo ukitembea na ndege unakata kona kulia kushoto kuangalia njia. Cub nyingi zina farasi 65 kama hiyo A-65, zinaruka polepole vile vile, na ukitoa gesi zinashuka kwa namna inayokaribiana. Mwambie instrakta wako akukatie gesi sana, wakati wa kupanda, wakati wa kugeuka, wakati umechoka. Miguu nayo ina kazi mpya, kwenye 172 ulikuwa unaweza kutua miguu imelala, huku ndege haijamaliza kutua mpaka umeifunga kamba.

Wakati unajifunza ndo unaikagua ile ndege, usilipe kwanza. Air Camper ni ndege yenye heshima, Bernard Pietenpol aliijenga huko huko jimboni kwako, Cherry Grove, kusini mashariki mwa Minnesota, akairusha na injini ya gari la Ford Model A mwaka 1929, na ramani zake zikachapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 watu wa kawaida wakaanza kujenga majumbani. Ramani nzuri haisemi chochote kuhusu mikono ya aliyejenga hii moja. Ni mbao, gundi na kitambaa. Muulize mzee alitumia gundi gani, akisema epoksi ya T-88 au resorsino vizuri, akikwambia ya maziwa kaa mbali. Alafu nenda chini ya bawa na tochi na kioo kidogo cha daktari wa meno, wewe hospitali hukikosi. Fungua vifuniko vya ukaguzi uangalie boriti ya bawa pale nguzo zinapofungwa, kuna vyuma na bolti zinapita kwenye mti. Mti ukiwa na weusi kuzunguka bolti maji yameingia. Omba bolti moja itolewe, na kama mzee anakataa, hilo nalo ni jibu. Nusa ndani. Harufu ya panya ni mbaya kuliko inavyosikika, panya akikaa kwenye bawa miaka minne mkojo wake unaozesha mbao na kula vyuma, na viota vinaziba vile vitundu vya kutolea maji kwenye ukingo wa nyuma wa bawa. Bonyeza mti wa ukingo huo kwa kidole gumba kote kote, ukiona unabonyea umepata tatizo.

Injini iliyolala miaka minne usiizungushe kwa furaha. Mafuta ya zamani yanatolewa yote, tangi, mipira ya mafuta yote mipya, kabureta inafunguliwa, silinda zinaangaliwa kutu kwa kamera ndogo. Hizi Continental ndogo zinapenda kushika barafu kwenye kabureta hata siku ya joto yenye unyevu, na Julai ya huko kwenu unyevu upo wa kutosha, kwa hiyo hakikisha hewa ya moto ya kabureta inafanya kazi, kebo inavuta hadi mwisho, na ukiivuta injini ikiwa inanguruma mzunguko ushuke. Uzuri wake haichagui mafuta sana, ilitengenezwa kwa oktani 73, petroli isiyo na ethanoli ile mnayowekea boti na mashine za theluji watu wengi wanaitumia.

Lingine la A-65, haina stata. Inawashwa kwa mkono, mtu anasimama mbele ya propela na kuivuta. Usijifunze hili kwa video. Ndege inafungwa kamba mkiani kwenye kitu kisichong'oka, matairi yanazuiwa kwa vibao, throtoli karibu na kufungwa, na ndani awepo mtu anayejua breki na swichi, sio jirani. Kila propela unaihesabu iko hai hata swichi imezimwa, kwa sababu waya mmoja wa magneto, kile kifaa kinachotoa cheche za injini, ukikatika injini inaweza kuwaka kwa kuisukuma propela na kidole. Kabla haujazima injini, ikiwa kwenye mzunguko wa chini, zungusha swichi kwenye kuzima sekunde moja tu uone inataka kufa. Isipotaka, magneto moja haizimiki, na hakuna mtu anayegusa propela mpaka itengenezwe.

Uzito. Pietenpol zinajulikana kwa kuwa nzito mkiani, kwa sababu rubani anakaa nyuma ya kitovu cha uzito, na ndo maana utaona nyingine bawa limesogezwa nyuma, nguzo zake za katikati zimelala kidogo. Ndege ikizidi uzito nyuma inakuwa ngumu kuitoa kwenye stoli, yani pale bawa linapoacha kubeba. Usikubali karatasi ya 1994, ipimwe upya kwenye mizani tatu, alafu piga hesabu na uzito wako wewe. Na kama tangi liko puani piga hesabu ya pili tangi likiwa karibu tupu, mafuta yakiisha pua inakuwa nyepesi na kitovu kinarudi nyuma zaidi, kwa hiyo unaweza kuruka uko ndani ya mipaka ukatua uko nje.

Hii kazi ya ukaguzi usiifanye peke yako. EAA, chama cha wanaojenga na kupenda ndege kilichoanzishwa na Paul Poberezny Wisconsin 1953, kina washauri wa ufundi na washauri wa kuruka wanaojitolea bure kwenye matawi yake, na Minnesota matawi yapo. Na watu wa Pietenpol wenyewe wanakutana Brodhead, Wisconsin, kila Julai siku chache kabla ya Oshkosh, yale maonyesho makubwa ya ndege ya EAA, kwenye uwanja wa nyasi. Ni kama saa tano kwa gari kutoka kwako. Nenda na picha za hiyo ndege, kaa chini ya mabawa yao uulize, hawa watu wanakupa mchana mzima. Mimi nafundisha kwenye ndege za kila aina na bado hakuna kitu napenda kama kuona moja ya hizi inapita juu ya mahindi jioni, futi 800, unasikia harufu ya majani yaliyokatwa ukiwa humo ndani, unamwona mtu kwenye trekta anainua mkono na unauona vizuri kabisa ule mkono. Ninavyokubana hivi ni kwa sababu nataka uje uione hiyo.

Makaratasi nitayapita haraka. Cheti cha ndege (kwa hizi za kujijengea kinaitwa cha majaribio), usajili, uzito, na ile barua ya masharti ya kurusha ya ndege hiyo, hiyo barua ni sehemu ya cheti na bila yake ndege haina ruhusa. Ukaguzi wa kila miezi 12 mzee anaweza kuusaini kama ana cheti cha ufundi cha ndege hiyo kama mjenzi, cheti hicho hakihamii kwako, ukinunua njia ya kawaida ni fundi mwenye A&P, yani cheti cha ufundi wa mwili wa ndege na injini. Matengenezo mengine ya kawaida unaruhusiwa kufanya mwenyewe. Na piga simu ya bima kabla ya kulipa, wataulizia saa zako za gurudumu la mkia na watakwambia wanataka mafunzo gani, hayo waliyosema ndo yaingie kwenye bajeti.

Safari yako ya kwanza ndani yake iwe asubuhi upepo umelala, uwanja mrefu wa nyasi, bila abiria, na iwe imesharushwa kwanza na mtu mwenye uzoefu wa Pietenpol. Kama kiti cha mbele kina stiki na pedali, aje instrakta akae hapo. Saa ya kwanza kaa juu ya uwanja. Panda mpaka futi 3,000 kutoka ardhini, toa gesi, shusha pua, geuka nyuzi 180 na andika umepoteza futi ngapi. Ruka polepole kabisa mpaka uone inavyotikisika kabla ya stoli. Upepo pia ujifunze kuuheshimu upya, ndege inayosafiri maili 70 ikikutana na upepo wa mbele wa 30 inabaki na 40 juu ya ardhi na inakunywa galoni nne mpaka tano kila saa vile vile. Na msimu wako utakuwa mfupi, kokpiti iko wazi, Novemba ya Minnesota haina huruma.

Tanzania: kuisafirisha ni kontena tu, ila cheti hiki cha majaribio cha Marekani hakitambuliki moja kwa moja nje ya Marekani, utahitaji ruhusa ya TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania, kabla haijaondoka huku. Waandikie mapema na usubiri jibu la maandishi, kontena baadaye.

Mume wako. Sheria inataka uwe umeruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita, na kwa gurudumu la mkia kila kutua ni mpaka ndege isimame kabisa. Hicho ni kiwango cha chini, mi ningekwambia subiri mpaka kutua kwenyewe kusikushangaze tena. Yeye atakaa mbele, chini ya bawa, na kuingia pale ni kujikunja kati ya nguzo na nyaya, mfanye mazoezi chini injini imezimwa na ajue kutoka haraka bila msaada. Ndege ikiwa na watu wawili siku ya joto inapanda kwa shida, kwa hiyo mara ya kwanza mpeleke asubuhi kwenye uwanja mrefu, tangi nusu. Na kabla ya hapo mwambie apande mizani akiwa amevaa koti na buti atakazoruka nazo, namba hiyo ndo uweke kwenye hesabu, sio anayoikumbuka yeye.